Majina Nyuma ya Ubao: Sanaa ya Lubaina Himid

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba yake akiwa Mkomoro na mama yake Mwingereza, na alipelekwa Uingereza akiwa na umri wa miezi minne baada ya baba kufariki kwa malaria. Huko ndiko alikokua na kuwa mchoraji, hata mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Turner, mojawapo ya tuzo mashuhuri za sanaa ya kisasa nchini humo.

Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa, na mapenzi ya nakshi za nguo, kanga zikiwemo, yanaonekana wazi katika kazi za binti huyo, ambaye kwanza alisomea ubunifu wa jukwaa la maigizo. Chimbuko jingine, na pengine lenye uzito zaidi, ni michoro ya kale ya Ulaya ambamo mtumishi Mwafrika huwekwa pembeni mwa tajiri kama pambo, asiye na jina wala habari zake.

Mbinu yake ni ya malighafi mchanganyiko, yaani kazi moja hubeba rangi pamoja na mbao, karatasi au vyombo vya nyumbani. Mwaka 2007, kwa mfano, alichora kwa akriliki, rangi inayochanganywa na maji na kukauka upesi, juu ya sahani, majagi na mabakuli 100 ya zamani, sura za watumishi weusi na za matajiri wa mji wa Lancaster, Uingereza, zikikaa juu ya maua yaliyokuwa yamechapwa kiwandani.

Lakini kazi yake kuu kuhusu watumishi hao wasio na majina ni Naming the Money ya mwaka 2004, yenye watu 100 wa kimo cha binadamu, waliokatwa katika ubao, wakapakwa rangi na kusimamishwa sakafuni ili mtazamaji apite katikati yao. Wamo wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa mitishamba na wachora ramani, na mgongoni mwa kila mmoja imebandikwa karatasi ya hesabu yenye maneno machache yanayoeleza jina lake la asili, jina alilopachikwa, ufundi aliokuwa nao kwao, kazi anayofanyishwa sasa na kile kinachomfariji. Uamuzi wa kuandika hayo juu ya karatasi ya mahesabu ndio unaoipa kazi hii nguvu, kwa kuwa binadamu aliyeorodheshwa kama mali anarudishiwa utu wake papo hapo alipohesabiwa.

Himid hakuichora Tabora, lakini kwa wakazi wa mkoa huo, kuanzia Choma wilayani Igunga hadi Kwihara, habari ya watu kuhesabiwa bila kutajwa majina si ngeni. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita Unyanyembe, eneo la Tabora, kati ya Ujiji na Bagamoyo, ikiwategemea sana wapagazi wa Kinyamwezi. Wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke, waliofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857, wanajulikana, na kiongozi wao Mwafrika, Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana nao anakumbukwa pia, lakini wengi katika umati uliobeba mizigo hawakuchorwa sura wala kuandikwa majina. Walimu wa sanaa wa Tabora wana plaiwudi, rangi, vipande vya kanga na kurasa za daftari. Wawaongoze wanafunzi wao kuwachora wapagazi hao, na kuwaandikia migongoni majina ya Kinyamwezi.