Asali kwa mtoto anayekohoa: Kwanza uliza ana miezi mingapi

Saa nane usiku mtoto wa miezi saba anakohoa, analia, halali. Bibi yake ameshaamka. Anafungua kabati na kutoa chupa ya asali iliyokuja na mgeni kutoka Tabora, nzito, rangi ya kahawia iliyoiva. "Mlambishe kidogo tu, mwanangu," anamwambia mama wa mtoto. "Hii ni ya asili, haina kemikali."

Katika nyumba nyingi maneno hayo yanatosha kumaliza mjadala. Bibi amelea watoto sita, mkwe ana mmoja, na ni usiku. Nani atabishana?

Ugumu wa jambo lenyewe ni kwamba bibi hajakosea kuhusu asali. Amekosea kuhusu mtoto huyu.

Kusema asali haina kemikali si kweli, kwa sababu kila kitu kinacholiwa kina kemikali ndani yake. Asali ya kawaida ni sukari kwa takriban asilimia 80, na sehemu kubwa ya iliyobaki, asilimia 17 hadi 20, ni maji. Sukari hizo ni fruktosi na glukosi hasa. Katika kiasi kidogo kinachosalia kuna tindikali, chavua, madini kidogo na vimeng'enya ambavyo nyuki huviongeza anapochakata maji matamu ya maua.

Kimeng'enya kimojawapo, asali inapochanganyika na maji, hutengeneza peroksidi ya haidrojeni, dawa ileile ambayo watu hununua duka la dawa kusafishia vidonda. Ongeza tindikali na uhaba wa maji, na utaona kwa nini bakteria wengi hushindwa kuzaliana ndani ya asali, na kwa nini chupa inaweza kukaa kabatini muda mrefu bila kuoza. Wazee waliopaka asali kwenye vidonda hawakuwa wakibahatisha.

Hata kwenye kikohozi kuna ushahidi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa watoto 105 wa miaka 2 hadi 18 waliokuwa na mafua na kikohozi cha usiku. Wazazi wa waliopewa asali kabla ya kulala waliripoti usiku mwepesi zaidi kuliko wazazi wa watoto ambao hawakupewa kitu. Mwaka 2012 watafiti wa Israel waliwapa watoto 300 wa mwaka 1 hadi 5 ama asali, gramu 10 nusu saa kabla ya kulala, ama sharubati ya tende yenye ladha inayofanana nayo. Wote walipata nafuu, ila waliokunywa asali walipata zaidi.

Tazama umri katika tafiti hizo. Hakuna mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na hilo halikutokea kwa bahati.

Kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum anayeishi kwenye udongo na vumbi. Hali ikiwa mbaya kwake, hujifunga ndani ya ganda gumu linaloitwa spora, akalala humo miaka. Spora hizo huweza kuingia kwenye asali. Haziwezi kuota humo, lakini hazifi. Mtu mzima akizila zinapita tu, kwa kuwa utumbo wake una jeshi la bakteria wengine wasiompa mgeni nafasi. Utumbo wa mtoto mchanga bado haujakamilisha jeshi hilo. Spora zinaamka, zinazaliana, na kumwaga sumu inayokata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli.

Ugonjwa huo, botulizimu ya watoto wachanga, ulitambuliwa Marekani mwaka 1976. Wengi wanaoupata huwa na umri chini ya miezi sita. Asali si njia pekee, maana hata vumbi linaweza kubeba spora, lakini ndiyo njia ambayo mzazi anaweza kuifunga kwa uamuzi mmoja.

Dalili zake hazifanani na sumu jinsi watu wanavyoifikiria. Mara nyingi huanza kwa choo kigumu, au mtoto kukosa choo kwa siku kadhaa. Kisha ananyonya kwa unyonge, sauti ya kulia inapungua, kope zinalegea, uso unapoa, shingo aliyokwisha kuikaza inaanguka tena. Ikifika kwenye misuli ya kupumua, maisha yako hatarini. Inaweza kuchukua siku chache hadi wiki kadhaa tangu alipolamba, hivyo mzazi hahusishi mambo hayo mawili. Mtoto anayelegea namna hii apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mganga aambiwe kama aliwahi kuonja asali. Wengi wanaofikishwa mapema na kusaidiwa kupumua hupona, ingawa huweza kuchukua wiki nyingi.

Wapo wanaoichemsha kwanza wakidhani wameua wadudu. Sufuria ya nyumbani haiwezi kazi hiyo, kwa sababu spora huhimili maji yanayochemka. Viwanda vya kusindika vyakula vya makopo huhitaji joto la nyuzi 121 chini ya mgandamizo ili kuziua. Kwa hiyo asali ndani ya uji wa moto, ndani ya maji ya uvuguvugu, kwenye chuchu bandia au ikipakwa kwenye fizi meno yanapoota, ni asali ileile. Na ile desturi ya familia nyingi ya kumwonjesha mtoto kitu kitamu siku anapozaliwa? Kitu hicho kisiwe asali. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo.

Swali linalofuata huwa ni kuhusu asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambayo sokoni huuzwa ghali na kusifiwa kuwa dawa kuliko nyingine. Ni kweli imetofautiana na ya nyuki wakubwa: ina maji mengi zaidi na ni chachu zaidi, ndiyo maana huchacha upesi. Lakini bei haiondoi spora. Sharti la mwaka mmoja linaihusu pia.

Ukweli wa asali nao usipimwe kwa kiberiti wala kwa kuangalia kama sisimizi wanaikimbia. Vipimo hivyo vya barazani havitenganishi asali na sukari iliyopikwa. Asali kuganda chini ya chupa si dalili ya kuchakachuliwa pia: ni glukosi inayojitenga, na asali safi kabisa hufanya hivyo. Kununua kwa mfugaji au kikundi kinachojulikana kunasaidia kuliko kiberiti.

Aliyevuka mwaka anaweza kupewa. Nusu kijiko cha chai kabla ya kulala kinatosha kwa wa miaka 2 hadi 5, na kijiko kimoja kwa wa miaka 6 hadi 11, kisha meno yasafishwe, maana sukari ni sukari. Mtoto mwenye kisukari asipewe bila ushauri wa daktari wake.

Asali, hata hivyo, ndiyo ya upole katika kabati lile. Chupa ndogo ya mafuta ya karafuu iliyo pembeni yake inatisha zaidi. Asilimia 70 hadi 90 ya mafuta hayo ni eujenoli, ile inayotia ganzi jino linalouma. Karafuu chache kwenye pilau ni jambo moja, mafuta yaliyokamuliwa ni mengine kabisa. Mwaka 1993 madaktari waliandika katika jarida la Uingereza kisa cha mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10. Alipata degedege, akazimia, ini likaathirika na damu ikashindwa kuganda. Aliokolewa. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai.

Mafuta ya mbegu za mwarobaini ni vivyo hivyo. Mti huo unaheshimiwa, na viambato vyake hutumika kuulia wadudu wa mazao, jambo ambalo peke yake lingepaswa kumfanya mzazi afikiri mara mbili. Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari waliripoti watoto wachanga waliotapika, wakasinzia kupita kiasi na kupata degedege baada ya kunyweshwa mafuta hayo kama dawa ya magonjwa madogo. Mafuta yote ya namna hii yakae juu, ndani ya chupa yake, kamwe si kwenye chupa ya soda.

Turudi kwa yule wa miezi saba. Ili bibi asivunjiwe heshima, mama anaweza kumwambia, "Mama, asali tumtunzie, atailamba akitimiza mwaka," kisha ampe kazi nyingine inayohitaji mikono ya mzoefu. Mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi, pua isafishwe kwa matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, abebwe wima.

Halafu zihesabiwe pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia, simu ikishika muda. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka mno na huenda ikawa nimonia. Kwa wa mwaka 1 hadi 5 ni 40 au zaidi. Ikiwa hivyo, au kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au anakataa kunyonya, haijalishi ni saa nane usiku. Itafutwe bajaji.