Kipimo cha Mlangoni: Mianya katika Ulinzi wa Mafaili ya Kompyuta

Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, yafahamika kwa mtama na uwele wake, na tangu mwezi Mei 2023 ndiko iliko Ikulu mpya ya Tanzania. Serikali ilipohamia nyanda za kati, kazi nyingi za ofisi zilikuwa zimekwisha kutoka makabatini na kuingia katika kompyuta. Lakini hesabu ya kompyuta haiaminiki kuliko programu iliyoikokotoa. Programu ikibadilishwa kwa siri, mshahara wa mtu au alama za mtihani zaweza kusomeka vingine, wala hapana karatasi itakayoonyesha mahali palipofutwa.

Linux, mfumo endeshi utumikao katika seva nyingi duniani, una mlinzi wa jambo hili, aitwaye kwa kifupi IMA. Utafiti wake ulichapishwa na wataalamu wa IBM mwaka 2004, nao ukaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2009. Kiini ni ile sehemu ya mfumo inayotawala kumbukumbu, diski na programu zote. Kabla faili halijatekelezwa, kiini hukokotoa alama, siku hizi aghalabu ya biti 256, kutokana na yaliyomo. Herufi moja ikibadilika, alama nzima hugeuka. Alama huandikwa katika orodha, na muhtasari wa orodha hutiwa katika chipu maalumu ambamo programu haiwezi kuufuta.

Ndivyo afanyavyo karani wa ghala la mtama apimapo kila gunia mlangoni. Daftari lake ni la kweli kwa dakika ile ya mizani. Gunia likifunguliwa ndani, daftari halina habari.

Mwanya huu kiini hukiri. Faili likifunguliwa ili liandikwe huku mwingine akilisoma, IMA huandika sifuri tupu mahali pa alama. Onyo ni la haki, ila mkaguzi habaki na kitu cha kulinganisha.

Mwanya wa pili ni mgumu zaidi. Programu yaweza kulipachika faili kumbukumbuni kama data tu, kisha ikaomba ruhusa ya kuyatekeleza yale yale. Kwa nini lisipimwe hapo? Sababu ni kufuli. Ruhusa hubadilishwa kufuli la kumbukumbu likiwa limekwisha kushikwa, na kupima kwahitaji kufuli la faili. Kwingineko kiini hushika la faili kwanza. Makarani wawili, mmoja ana ufunguo wa ghala akingoja wa mizani, mwenzake ana wa mizani akingoja wa ghala, watasimama hadi jioni.

Kwa hiyo toleo la 5.8, la mwaka 2020, lilichagua kukataa: penye kanuni ya kuthibitisha faili, ombi hilo halipiti. Penye kanuni ya kupima tu, ombi hupita bila kipimo, na tukio huandikwa katika taarifa za ukaguzi.

Programu za lugha kama Python zina tatizo lao. Kanuni zikiamuru kupima vinavyotekelezwa tu, programu inayofasiri lugha hupimwa, lakini maagizo inayoyasoma huhesabiwa kuwa data. Msimamizi aweza kuamuru yapimwe pia mafaili yasomwayo. Hapo orodha hurefuka mno, na mafaili yabadilikayo kila saa huijaza alama zisizo na cha kulinganishwa nacho.