"Kujaza Gesi" na "Kugeuza Mfumo": Istilahi za Kiyoyozi cha Gari Kuukuu

Katika hati za matengenezo ya magari, maneno "kujaza gesi" hutumiwa kwa shughuli tatu zilizo mbalimbali: kuongeza gesi iliyopungua katika kiyoyozi, kuijaza upya baada ya mfumo kufunguliwa, na kuugeuza mfumo wa zamani ili utumie gesi ya aina nyingine. Mbili za kwanza zikichanganywa hasara si kubwa. Lakini ya tatu ikiitwa "kujaza gesi", afisa huidhinisha malipo ya kazi ndogo, fundi hufanya kazi ndogo, na baada ya muda kompresa hukwama.

Magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R-12. Gesi hiyo ina klorini inayoharibu tabaka la ozoni, ndiyo sababu Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliweka utaratibu wa kuikomesha. Nchi zinazoendelea zilipewa muda hadi mwanzo wa mwaka 2010. Waundaji wa magari walihamia R-134a katika miaka ya kwanza ya 1990.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Katika mfumo wa R-12, mafuta ya madini husafiri pamoja na gesi na kuilainisha kompresa. R-134a haichanganyiki na mafuta hayo. Gesi huzunguka, mafuta hutuama kwenye mabomba, na kompresa hukauka. Hivyo hapana budi mafuta ya zamani yamwagwe na kutiwa yale yanayopatana na gesi hiyo, kama vile ya esta. Kikaushio nacho hubadilishwa, kwani chembe zake za kunyonya unyevu huenda zisihimili gesi na mafuta mapya. Oringi za viungo vilivyofunguliwa hubadilishwa, vali za kujazia hufungwa za umbo jingine ili mpira wa R-12 usiweze kuingia, na kibandiko cha kutaja gesi mpya hubandikwa. Kisha hewa na unyevu hunyonywa kwa pampu kabla ya kujaza. Kiasi cha R-134a kwa kawaida huwa asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R-12 uliokuwamo. Mfasiri akiandika "jaza kiasi kile kile", shinikizo litapanda kupita kiasi, hasa katika joto la pwani.

Yafaa pia kuepuka "ondoa gesi" mwanzoni mwa maelekezo. Fundi anaweza kuifungulia hewani na kudai ametii. Liandikwe "kusanya gesi katika mtungi".

Je, neno "gesi" lenyewe lifae? Wapo wasemao kwamba halifai, kwa kuwa katika sehemu ya mzunguko kitu hicho ni kiowevu. Hoja ni ya kweli, lakini neno limekwisha kukita mizizi gereji, na "kipozahewa", kwa mfano wa "kipazasauti", lingetaja kiyoyozi chenyewe. Maoni yetu ni kuliacha, ila namba ihesabiwe kuwa sehemu ya istilahi: "gesi ya R-12", "gesi ya R-134a". Bila namba hatari ni kubwa, maana baadhi ya vibadala vya R-12 vina propani na butani, jamii moja na gesi ya kupikia, navyo huwaka.

Kuhusu kitenzi, "kubadili gesi" huelekeza macho kwenye gesi ilhali kinachobadilika ni mfumo, na "kurekebisha" hudokeza kwamba palikuwa na kosa. Tunapendekeza "kugeuza mfumo kutoka R-12 kwenda R-134a", na nomino yake "ugeuzaji wa mfumo".

Katika maelekezo ya kudumu tusiandike "gesi ya zamani" na "gesi mpya". R-134a hunasa joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kabonidayoksaidi, na tangu Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 nayo imo katika orodha ya zinazopunguzwa. Magari mengi ya sasa hutoka kiwandani na R-1234yf.