Kabla Hujatupa Kava la Cheni

Pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda, zile za bei ya chini, zina injini ambayo babu yake anajulikana: ni Honda CG125, iliyotoka Japani mwaka 1976. Jina lililoandikwa kwenye tangi hubadilika kila mwaka, lakini mchoro wa ndani ni uleule.

Wakati huo Honda walikuwa tayari na injini nzuri ya ukubwa huo, kemshafti ikiwa juu kichwani na kuzungushwa na cheni nyembamba. Tatizo ni kwamba huko juu ndiko oili hufika mwisho. Mwenye pikipiki akichelewa kubadilisha oili, kemshafti ndiyo ya kwanza kulika, na katika nchi nyingi wateja walikuwa wakichelewa kwelikweli. Basi kwenye CG mafundi waliirudisha kemshafti chini, jirani na oili, wakaizungusha kwa gia. Vijiti viwili virefu ndivyo vinavyopeleka mwendo juu kwenye valvu. Hakuna cheni ya ndani ya kukazwa wala ya kukatika. Ni ufundi wa kizamani, nao ulichaguliwa makusudi kwa ajili ya mtu asiyejali.

Ndiyo maana anayetaka kufufua pikipiki ya zamani uani kwake huwa namwambia aanze na CG. Pistoni, ringi na gasketi atazikuta kwenye maduka ya spea za bodaboda. Ila aende na ile kuukuu mkononi wapime: silinda ya CG125 ina kipenyo cha 56.5 mm, na muuzaji mwenye haraka anaweza kumpa ya 62 mm, ambayo ni ya injini za 150.

Yangu niliinunua kwa bwana shamba mstaafu. Ilikuwa imelala bandani chini ya magunia ya pumba, na kiki haishuki hata kidogo. Vijana waliokuwepo walitaka kuikanyaga wawili kwa pamoja. Nikawazuia, maana pistoni iliyoshikwa na kutu ukiilazimisha unavunja ringi. Nilitoa plagi, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo kwenye tundu lake, nikaenda zangu. Siku ya tatu niliweka gia ya juu kabisa, nikawa nalisukuma gurudumu la nyuma kwa mkono, mbele na nyuma, taratibu. Siku ya tano ikakoroma kama kitasa cha nyumba iliyohamwa, ikaachia. Silinda ilikuwa na mikwaruzo, ikabidi niipeleke kwa fundi wa kukereza aitanue kwa 0.50 mm, nikanunua pistoni ya saizi hiyo.

Ukifika hapo, fungua na kava la kulia. CG haina filta ya oili ya karatasi. Ina wavu mdogo, na kwenye ncha ya krenki ina kikombe kinachozunguka kwa kasi na kurusha uchafu pembeni ukagande humo. Wapo watu waliobadilisha oili miaka na miaka bila kujua kuwa kikombe hicho kipo. Changu kilikuwa na tope jeusi, gumu kama ukoko wa wali. Nililikwangua kwa kijiti cha mwanzi.

Kabureta nayo inataka subira. Petroli iliyokaa muda mrefu hugeuka gundi na kuziba jeti ndogo ya sailensa, ambayo tundu lake ni jembamba kuliko sindano ya kushonea. Chomoa unyuzi mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme, uupitishe polepole. Usitumie waya wa chuma: ukilitanua tundu hata kidogo, pikipiki itakunywa mafuta na hutajua kwa nini. Valvu zipime asubuhi injini ikiwa baridi, nafasi iwe 0.08 mm. Zikigongagonga kidogo usijali. Mimi huogopa zaidi valvu iliyo kimya kabisa, kwa sababu huenda haifungi hadi mwisho, na valvu ya namna hiyo huungua.

Kisha huja hamu ya kupamba, na hapa ndipo ninapokosana na vijana. Kitu cha kwanza wanachokitupa ni kava la cheni, lile bati linaloifunika cheni yote, kwa madai kwamba ni la kizee. Cheni ya CG iliwekwa humo ili vumbi na tope visiifikie. Cha pili ni boksi la filta ya hewa. Mahali pake wanachomeka kichujio kidogo kinachong’aa. Hewa inaingia nyingi, petroli ni ileile, injini inachemka. Chomoa plagi uitazame: ikiwa nyeupe kama chaki badala ya rangi ya chai ya maziwa, mchanganyiko umekuwa mkavu. Dawa ni jeti kubwa zaidi, au, kwa ushauri wangu, kurudisha boksi.

Fremu usiikate. Namba ya chesisi, namba ya injini na hata rangi vimeandikwa kwenye kadi ya usajili, kwa hiyo ukibadilisha injini au rangi, kadi nayo irekebishwe kabla hujakutana na trafiki. Vingine ni ruhusa yako: usukani, siti, vioo, taa. Ila taa ziangalie volti, kwa sababu CG za mwanzo zilikuwa za volti 6, na balbu ya volti 12 humo itawaka kama kibatari.

Mimi nimeweka usukani mfupi na kushona siti upya. Rangi nimeiacha ilivyopauka. Kava la cheni lilikuwa na bonde upande wa kushoto; nililigonga likanyooka nusu, nikalirudisha. Cheni iliyo ndani yake sasa inaingia msimu wa tatu wa masika.