Hema Hupimwa Usiku wa Mvua

Siku ya mkutano wetu sisi wanafunzi wa zamani wa shule hii, tulipokuwa tukinywa chai chini ya mwembe, rafiki yangu mmoja aliniuliza, "Ndugu yangu, nasikia wewe huwachukua watoto mkalale porini. Nami nataka kuwapeleka wangu wakati wa likizo. Ninunue hema ya namna gani?" Kabla sijamjibu, vijana wawili wa skauti waliokuwa wakitugawia chai wakasimama kusikiliza. Nikaona kwamba swali hili ni la wengi, nikamwomba Mhariri nafasi ili niwajibu wote pamoja. Wala sijifanyi fundi. Ninayoyajua nimeyajua kwa kukosea, na kosa langu moja lilikuwa karibu kunitia msibani.

Mwezi wa Novemba mwaka 2017 nilifunga safari pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Mahali hapo ni kiasi cha kilomita 230 kutoka Kampala, kwa barabara ya Mbarara, na pamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1983. Nilipachagua kwa sababu si mbali sana, na watoto walikuwa na hamu ya kuona punda milia. Hema niliinunua siku mbili tu kabla ya safari. Ilikuwa imeandikwa "watu wanne", bei yake ndogo, rangi yake ya kupendeza. Nyumbani sikuifungua. Nilijiambia, hema ni kitambaa na fito. Mtu aliyesoma atashindwaje?

Basi tulifika jua likizama. Nilipokuwa nikitafuta ufito upi uingie wapi, giza likatukuta. Watoto walinimulikia tochi, nami nikapigilia vigingi ovyo, nikashukuru kwamba imesimama. Saa saba ya usiku mvua ikaja. Maji yaliingia kwanza penye mishono, kisha yakapanda kutoka chini, na mara magodoro yakawa kama sifongo. Wako watu wanaodhani kwamba Uganda, kwa kuwa Ikweta inapita ndani yake, haijui baridi. Lakini pale Mburo ni zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na aliyelowa usiku hana joto. Binti yetu mdogo, ambaye wakati ule alikuwa na miaka minne, alitetemeka hata meno yakagongana.

Nikakumbuka jiko letu la mkaa. Nilikuwa nimeliacha ndani ya kibanda cha kupikia, na makaa yalikuwa bado mekundu, hayana moshi hata kidogo. Nikalibeba niliingize hemani. Njiani nikakutana na askari wa zamu, mzee mmoja mwenye koti refu la mvua. Akaniuliza, "Bwana, jiko hilo unalipeleka wapi?" Nikamwambia kwamba watoto wana baridi. Akasema kwa upole, "Lirudishe, Bwana. Hilo litawapa joto, kisha litawapa usingizi, na usingizi huo hauna asubuhi." Akatusaidia kuwahamisha watoto garini, tukakaa humo tumejikunyata mpaka kulipokucha.

Ndugu wasomaji, yule mzee alisema kweli tupu. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na makaa yasiyo na moshi ndiyo yadanganyayo watu zaidi. Ikiingia kifuani hushikana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, naye aliyekwisha lala hajui kwamba anakufa. Kufungua mlango kidogo hakutoshi kumwokoa. Kwa hiyo jiko la mkaa, la mafuta ya taa au la gesi, lote lisiingie hemani, hata kama mvua ya mawe inanyesha. Baridi huondolewa kwa blanketi, kwa nguo kavu, na kwa hema nzuri.

Sasa niseme habari za hema yenyewe.

Jambo la kwanza ni ukubwa. Hema iliyoandikwa "watu wanne" ni hema ambamo watu wanne wanaweza kulala wamebanana kama samaki katika kopo, wala hakuna nafasi ya mifuko yao. Tena, katika hema iliyobana, mtu hugusa ukuta usiku, na maji hupita pale alipogusa. Mimi huongeza watu wawili juu ya hesabu ya jamaa yangu. Sisi tu watano. Hema yetu ya sasa ni ya watu saba.

Jambo la pili ni paa. Tafuta hema yenye mapaa mawili: la ndani jepesi lenye kupitisha hewa, na la nje la kuzuia mvua, lililoshuka mpaka karibu na ardhi. Yasigusane. Watu watano wakilala usiku kucha, pumzi zao hugeuka matone kwenye kitambaa chenye baridi. Yakiwapo mapaa mawili, matone hayo hutelemka upande wa ndani wa paa la nje, na aliyelala hapati kitu. Likiwa moja tu, asubuhi utadhani hema inavuja, kumbe ni pumzi zenu wenyewe.

Jambo la tatu ni kitambaa. Watengenezaji hukipima kwa kusimamisha maji juu yake na kuangalia yafike kimo gani ndipo yaanze kupenya. Kimo hicho huandikwa kwa milimita. Kwa mvua zetu mimi sinunui paa lisilofika milimita 2,000, na sakafu nataka izidi hapo, kwa kuwa magoti na viwiko vyetu huyakamua maji ya ardhini yapande juu. Sakafu iwe imekunjwa kandokando kama beseni, isishonwe sawa na ardhi. Angalia pia mishono kwa ndani: ile iliyofunikwa kwa utepe ndiyo ya kuaminiwa. Turubai la pamba ni zuri, maana nyuzi zake zikilowa huvimba na kuziba matundu, lakini ni zito mno. Mwenye gari atalimudu. Mwenye kupanda basi na achukue poliesta.

Jambo la nne ni fito na vigingi. Fito za alumini zikizidiwa hupinda, nawe waweza kuzinyosha. Zile za nyuzi za kioo ni za bei nafuu, lakini hupasuka, na vibanzi vyake huchoma mikono. Vigingi vyembamba kama waya havifai katika udongo wetu. Nunua vichache vinene. Kigingi hupigiliwa kwa mshazari, kichwa kikielekea nje ya hema, ili kamba ikivutwa na upepo kisichomoke.

Jambo la tano ni wavu. Kila mlango na kila dirisha liwe na wavu mzima wenye zipu. Malaria hailali likizoni.

Haya, umekwisha nunua. Usiende porini bado! Ipige hema uani kwako. Ipige mara ya pili ukiwa umefumba macho nusu, maana ndivyo itakavyokuwa ukichelewa njiani. Kisha mwagia paa maji kwa ndoo, na umwache mtoto aliye ndani apige kelele akiona tone. Jioni laleni humo wote. Mkikosa kitu, jikoni ni hatua ishirini, wala hapana aibu. Usiku mmoja uani ungalinifunza mimi yote niliyofunzwa na ile mvua, bila mtoto kutetemeka. Na asiye na fedha asivunjike moyo: aazime au akodi kwanza, aonje, ndipo anunue. Rahisi huwa ghali, kama mimi nilivyonunua hema mbili badala ya moja.

Mkifika porini, fikeni saa tisa au saa kumi ya mchana. Muulize askari wa hifadhi mahali palipokubaliwa, nawe umtii. Usipige hema bondeni maji yanapokusanyika, wala chini ya mti wenye matawi makavu. Chunguza kama siafu wanapita, na uokote miiba yote kabla ya kutandika. Karibu na ziwa tazama njia za viboko, ambazo nyasi zake zimelala kuelekea majini. Kiboko hutoka usiku kula majani, naye hapendi kukuta nyumba katika njia yake. Kwa hiyo watoto wasitoke peke yao gizani. Wekeni ndoo ndogo penye ukumbi wa hema, na mtu mzima amulike kwanza. Chakula kikae garini, kwa maana nyani na tumbili hawabishi hodi, hupasua kitambaa. Na siku ya kurudi, hema ikiwa imelowa, ianikeni nyumbani mpaka ikauke kabisa kabla ya kuikunja, ama sivyo ukungu utaila.

Tulirudi Mburo mwaka uliofuata, tukiwa na hema mpya iliyokwisha lala uani kwetu mara tatu. Mvua ilitunyeshea tena, nami naona kama iliapa kutungoja. Nililala macho nikipapasa sakafu kwa mkono: kavu. Nikapapasa godoro: kavu. Binti yetu aliamka, akasikiliza, akaniuliza, "Baba, hiyo ni mvua?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama, ni mvua." Akageuka upande wa pili, akalala. Asubuhi nilimtafuta yule askari mzee nimshukuru tena, nikaambiwa amekwisha staafu, amerudi kwao. Basi shukrani yangu naitoa hapa, kwa kuyapitisha maneno yake kwenu.

Nanyi vijana wa skauti mliosimama na birika la chai mkononi mpaka chai ikapoa, jibu lenu ndilo hili. Msiulize kwanza bei ya hema, wala rangi yake. Ulizeni: saa saba ya usiku, mvua ikinyesha, mdogo kuliko wote aliyemo ndani atakuwa mkavu? Likijibiwa hilo, fungeni mizigo. Safari njema.