Kitambi si Utajiri

Vijijini mwetu mtu akiota kitambi tunasema, "Ah, huyu mambo yake mazuri!" Tuache kusema hivyo. Kitambi ni mzigo.

Moyo ni kama pampu. Mwili ukinenepa mno, pampu hii husukuma damu kwa nguvu zaidi, mchana na usiku. Presha hupanda. Mafuta ya tumboni nayo huzuia mwili kutumia sukari vizuri. Ndipo huja kisukari, ugonjwa wa moyo na kiharusi. Mwaka 2009 wataalamu walitoa hesabu za watu 900,000 hivi, wengi wao wa Ulaya na Marekani. Wale walionenepa kupindukia kabisa walipungukiwa miaka 8 hadi 10 ya kuishi.

Basi tujipime. Chukua kamba yenye urefu wako, toka kisiginoni hadi utosini. Ikunje katikati. Izungushe tumboni, juu kidogo ya kitovu. Ncha zisipokutana, kitambi kimezidi. Mama mjamzito asijipime hivi.

Tufanye nini? Tupunguze sukari, soda na mafuta ya kupikia. Tule mboga na maharage. Tutembee kwa miguu. Tena twende zahanati tukapimwe. Tusingoje kuumwa, maana presha haipigi hodi.