Picha za Wazee Wetu ni Amana: Tuziweke Vipi Ndani ya Fremu?

Treni ya Reli ya Kati ikishatoka Kilosa kuelekea Dodoma hufuata bonde la Mto Mkondoa, na katika bonde hilo ndipo kilipo kituo cha Munisagara. Reli hiyo, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyompeleka marehemu babu yangu katika sehemu zile, akiwa mfanyakazi wa genge la kutengeneza njia. Hakuacha mali. Aliacha msahafu, tasbihi, na picha moja aliyopigwa studio, amevaa kanzu na kofia, mkono juu ya kiti.

Picha hiyo tuliitia ndani ya fremu yenye kioo, tukaitundika ukumbini. Tulidhani tumeihifadhi. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ukavunja kingo zake. Maji yaliingia mji wa Kilosa na vijiji vya jirani, yakaharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Nyumba yetu, alhamdulillah, haikubomoka, ila kuta zake zililowa. Baada ya wiki kadhaa tulifungua fremu ili kuifuta picha vumbi. Karatasi ilitoka, uso wa babu ukabaki kwenye kioo.

Kosa lilikuwa letu wenyewe, nami nalisimulia ili msomaji asilirudie.

Kwa nini picha hunata

Uso wa picha ya zamani ya studio umepakwa utando mwembamba wa jelatini, kitu kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Unyevu ukiingia, utando huo huvimba na kulainika. Ukigusana na kioo hunata, na ukikauka hushikamana nacho kabisa. Ukungu nao huupenda, kwa kuwa kwake ni chakula. Kwa hiyo sharti la kwanza la fremu njema ni kwamba picha isiguse kioo.

Kazi hiyo hufanywa na kadi nene iliyokatwa dirisha katikati. Wengi huiona kama pambo tu, lakini unene wake ndio unaoacha nafasi ya hewa kati ya picha na kioo. Dirisha likatwe dogo kuliko picha kwa milimita tatu hivi kila upande, ili kadi iishike picha pembeni bila kufunika sura. Kwa picha ya sentimita 10 kwa 15, fremu ya sentimita 20 kwa 25 huacha ukingo wa sentimita tano kila upande, na jicho hupata pa kutulia. Wako mafundi wanaoongeza kidogo upande wa chini, ili picha isionekane kama inateleza. Rangi nyeupe isiyong'aa au ya maziwa huifaa picha ya zamani kuliko rangi kali inayoshindana nayo.

Si kila kadi inafaa. Kadi ya boksi la bidhaa ina asidi, ambayo baada ya miaka huigeuza picha kuwa ya manjano. Mwambie fundi akupe kadi isiyo na asidi. Ikikosekana, tumia karatasi nyeupe safi iliyotengenezwa kwa pamba. Ubao wa nyuma nao utengwe na picha kwa karatasi ya namna hiyo.

Picha isipakwe gundi wala kubandikwa selotepu. Ishikwe kwa vipembe vidogo vya karatasi kwenye kona zake nne, ili siku ikihitajika itoke salama. Tahadhari pia na mtindo ulioenea wa kuipitisha picha kwenye mashine ya plastiki ya moto. Plastiki ile haitoki tena, na ikianza kubabuka huondoka na picha. Nakala ifanyiwe hivyo ukipenda. Ile ya asili, hapana.

Mbao za fremu ziwe kavu na ngumu, kama mninga. Fremu isitundikwe kwenye ukuta unaopigwa na mvua, wala mahali pa jua la moja kwa moja, kwani jua hufifisha rangi. Bandika vipande vidogo vya mpira nyuma ya kona zake ili hewa ipite kati yake na ukuta.

Ukutani au sandukuni?

Hapa Muislamu ana swali lake. Zimepokewa hadithi sahihi zinazokemea picha majumbani, na wanazuoni wamehitilafiana kama picha ya kamera inaingia humo. Wapo wanaokataza isipokuwa kwa dharura. Wapo walioruhusu, akiwemo Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, kwa hoja kwamba kamera hukizuia kivuli cha kiumbe na haiumbi kitu kipya. Kila familia imfuate mwanachuoni inayemwamini. Wanaotundika nao wachunge adabu: picha isiwe upande wa kibla mahali pa kuswalia, sitara ya wanawake wa nyumba ilindwe, na wala isifikie kutukuzwa.

Kwa upande wa hifadhi, pande zote mbili zinaweza kukutana. Picha ya asili haina haja ya kukaa ukutani. Ipigishe nakala nzuri, na anayetundika atundike nakala. Ya asili iviringiwe karatasi safi, iwekwe kwenye boksi kavu, juu ya kabati, mbali na mchwa na mende. Nyuma yake andika kwa penseli laini jina, mahali na mwaka, kwani wino wa kalamu hupenya. Nakala nyingine apewe ndugu anayeishi mji mwingine. Watu wa bonde la mto wanajua sababu.

Na maji yakishaingia? Picha iliyo ndani ya fremu itolewe upesi ikiwa bado imelowa, isuuzwe taratibu kwa maji safi, ilazwe kivulini uso ukitazama juu. Ikiwa imeshakauka na kunata, usiivute. Iache kama ilivyo, uipige picha kupitia kioo hicho hicho. Laiti tungelijua hilo, sura ya babu ingekuwapo leo.

Mungu hakutunyima kila kitu. Shangazi yetu wa Morogoro alikuwa na picha nyingine, ndogo, babu akiwa miongoni mwa wafanyakazi wenzake, ameifunga kwa kitambaa ndani ya sanduku la bati. Sura yake humo haizidi ukucha, lakini kanzu ni ile ile. Tumeipigisha nakala nne, kila mtoto wake yake, na ile ya asili imerudi sandukuni kwa shangazi. Wajukuu sasa wakiuliza babu alikuwa nani, wana pa kumtazama, kisha wanamwombea rehema.